Chelezo Hakiopoi Kilichozama

Walipoketi kuzipatia programu za kompyuta msamiati wa Kiswahili, baadhi ya wafasiri wetu waliichukua ile nakala ya akiba, ambayo vijana huiita bakapu, wakaipa jina la chelezo. Neno lenyewe si geni. Mvuvi wa pwani anapotega dema lake huacha juu ya maji kitu chepesi kieleacho, ili kesho akija ajue mtego wake uko wapi. Kitu hicho ndicho chelezo, na asili yake ni kitenzi kuelea. Sina ugomvi na uteuzi huo. Naona hata ulikuwa wa busara kuliko walivyokusudia waliouteua, maana chelezo huonyesha mahali tu. Atakaye samaki hana budi kuishika kamba na kuivuta, na kitendo hicho kina kitenzi chake mbali: kuopoa.

Nayasema haya kwa sababu katika shule na vyuo vyetu, ukiuliza juu ya usalama wa tovuti, utajibiwa upesi kwamba bakapu ipo. Ni nadra mno kujibiwa kwamba "tuliirejesha mwezi uliopita, tukaisoma, tukaikuta nzima". Majibu hayo mawili husikika kama kwamba ni mamoja, ilhali kati yake mna kina kirefu ambamo kazi za miaka mingi zimekwisha kuzama.

Tuchukue kisa cha shule moja ya sekondari iliyoko Kinanie, katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos. Wapitao njia wanapajua Kinanie kwa ardhi yake tambarare, kwa viwanja vinavyogawanywa kila uchao, na kwa lile eneo lililotengwa na serikali kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Wageni ni wengi, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kwa sababu hiyohiyo mwalimu mmoja wa Kiswahili shuleni humo, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliingiwa na wasiwasi kwamba watoto wa Kikamba wanakua bila ya kuzijua nthimo, yaani methali za wazee wao. Kuanzia mwaka 2015 akawa akiwatuma wanafunzi wakati wa likizo wakaulize, waandike, warudi nazo. Kila methali iliwekwa katika tovuti ya shule kwa Kikamba chake, ikafuatiwa na tafsiri ya Kiswahili, kisha maelezo mafupi: nani aliisema, huambiwa nani, na katika hali gani. Kufikia mwaka 2022 maingizo yalikuwa mia kadhaa. Wataalamu wenye ruzuku wamewahi kuchapisha kidogo kuliko hayo.

Niwaeleze kwanza wale wasioyazoea mambo haya. Tovuti nyingi za shule hujengwa juu ya programu iitwayo WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na watu wawili, Matt Mullenweg na Mike Little, na ambayo hivi leo inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Programu hiyo peke yake ni nyumba tupu. Ukitaka fomu ya kuandikisha wanafunzi, kalenda ya mitihani, ama kamusi inayopekuliwa kwa herufi, unaongeza programu-jalizi. Jina hilo nalo limechaguliwa vema, kwani kujaliza ni kukitimiza kilichopungua. Programu-jalizi za bure ni takribani 60,000, na waandishi wake ni wa kila namna: kampuni kubwa, mhadhiri aliyestaafu, kijana aliyeandika yake usiku mmoja kisha akapata kazi nyingine na kuisahau. Mwenye tovuti hawajui wala wao hawamjui.

Waandishi hao hurekebisha kazi zao mara kwa mara, na kila rekebisho huitwa sasisho. Zamani mwenye tovuti alilazimika kuliidhinisha kwa mkono wake. Oktoba 2013 WordPress ilianza kujisasisha yenyewe katika marekebisho yake madogomadogo, na Agosti 2020 ikampa kila mwenye tovuti uwezo wa kuziachia programu-jalizi zake nazo zijisasishe, asijisumbue. Mwalimu wetu wa Kinanie aliukubali mpango huo. Nami ningemshauri aukubali, kwa sababu nitakazozitaja.

Katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka 2022, programu-jalizi iliyopanga ile kamusi ya methali ilijisasisha. Toleo jipya liliunda jedwali jipya katika hifadhidata, likahamishia humo maandishi yote, kisha likalifuta jedwali la zamani. Kosa lilikuwa dogo kwa macho: jedwali jipya liliundwa kwa utaratibu wa kale wa kuhifadhi herufi, ule uitwao Latin-1, ambao una nafasi 256 tu na ulitengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Magharibi. Humo zimo ã na õ za Wareno, imo ñ ya Wahispania. Hazimo ĩ na ũ. Kompyuta ilipozikuta herufi hizo haikulia wala haikusimama. Iliweka alama ya kuuliza mahali pa kila moja ikaendelea na safari. Mũndũ akawa m?nd?, mũtĩ ukawa m?t?, na lugha yenyewe, Kĩkamba, ikawa K?kamba.

Hapa msomaji anisamehe nikisimama kidogo kama mwanaisimu. Kiswahili kina irabu tano, na maandishi yake hayahitaji alama yoyote juu ya herufi. Kikamba kina irabu saba. Alama ile ya kiwimbi si pambo, maana i na ĩ ni sauti mbili mbalimbali, kadhalika u na ũ, na zinatenga maana. Vijana wanaoandikiana kwa simu huiacha, nao huelewana kwa kuwa maneno yao ni ya kila siku. Mwalimu wetu alikuwa mkali katika jambo hilo, akiwarudishia wanafunzi kazi yoyote isiyo na viwimbi. Sasisho likavifagia vyote kwa sekunde chache. Fauka ya hayo, alama ya kuuliza haisemi ni irabu ipi iliyoondoka: yaweza kuwa ĩ, yaweza kuwa ũ. Neno lenye alama tatu za namna hiyo laweza kusomwa kwa njia nane. Mzungumzaji wa Kikamba hawezi kukwama kwenye m?nd?. Atakwama kwenye msamiati wa kale uliobaki ndani ya methali tu, na msamiati huo ndio uliowapeleka wanafunzi kwa wazee tangu hapo awali.

Ajabu ni kuwa hakuna aliyeona. Ukurasa wa mbele wa tovuti ulikuwa wa Kiswahili, na Kiswahili hakikuguswa. Picha za mahafali zilikuwapo, tangazo la karo lilikuwapo, tafsiri za methali zilikuwapo. Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Januari 2023, na ilikuwa Februari msichana mmoja alipotafuta methali aliyoileta yeye mwenyewe, asiipate.

Mwalimu alipigia simu kampuni iliyowakodisha nafasi kwenye seva, akajibiwa kwa adabu kwamba asihofu, nakala zipo, tena za kila usiku. Zilikuwapo kweli. Zilikuwa saba. Kila usiku mpya uliposhika zamu, nakala ya usiku wa nane nyuma ilifutwa ili kupisha nafasi. Kwa kuwa madhara yalikuwa yametokea majuma kadhaa nyuma, nakala zote saba zilikuwa nakala aminifu za tovuti iliyoharibika. Walirejesha ya kwanza, wakakuta alama za kuuliza. Wakarejesha ya saba, wakazikuta zilezile. Kampuni haikuvunja ahadi yoyote, kwani iliahidi kunakili na ikanakili.

Ningependa walimu na wanafunzi wa kompyuta waitazame vizuri hali hii, kwa kuwa vitabu vyetu huizungumzia nakala kana kwamba adui wake ni moto na wizi tu. Moto huonekana. Jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, lilipoteketea tarehe 10 Machi 2021, wateja walijua siku hiyohiyo, na wale waliokuwa wameweka nakala zao katika eneo hilohilo walijifunza kwa uchungu kwamba nakala haifai kulala chumba kimoja na asili yake. Uharibifu wa kimyakimya una tabia nyingine. Huo huingia ndani ya nakala zenyewe, na muda unavyopita ndivyo unavyozidi kuzimaliza zile njema.

WordPress yenyewe imejaribu kututengenezea kinga. Tangu Mei 2019, programu-jalizi ikiiangusha tovuti, mwenyewe hupelekewa barua yenye njia ya kuingilia aizime. Tangu Julai 2024, programu-jalizi iliyojisasisha yenyewe ikisababisha kosa la kuua, programu huirudisha kwenye toleo lililotangulia bila ya kungoja mtu. Ni hatua njema, nami naisifu. Lakini tuelewe kinachopimwa: tovuti inafunguka au haifunguki. Mashine haina namna ya kujua kwamba m?t? si neno. Wala haiwezi kujua kwamba fomu ya kujiandikisha inapokea majina ya wanafunzi kisha inayatupa, ama kwamba alama za hesabu zimehamia safu ya kemia. Hayo hujulikana kwa kusoma, tena asome mtu anayeijua habari yenyewe.

Wengine wamenijibu kwamba basi dawa ni kuyazima masasisho yote. Siafikiani nao hata kidogo. Programu-jalizi iliyozeeka ni mlango usio na komeo, na wavamizi hupita wakiijaribu milango yote ya dunia kwa zamu, ya benki na ya shule ya kijijini bila ya ubaguzi. Oktoba 2020 kulipogunduliwa ufa katika programu-jalizi iitwayo Loginizer, iliyokuwa ikitumika katika tovuti zaidi ya milioni moja, wasimamizi wa WordPress walilisukuma rekebisho hata kwa wale ambao hawakuwa wamekubali masasisho ya kujiendea. Baadhi walilalamika kwamba wameingiliwa nyumbani mwao. Mimi naona walifanyiwa hisani. Shule isiyo na mtaalamu wa kuketi na kusoma habari za nyufa kila asubuhi inayahitaji masasisho hayo kuliko kampuni kubwa.

Na tusijidanganye kwamba haya huwapata wanyonge peke yao. Tarehe 19 Julai 2024, yapata saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro. Liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka duniani, za viwanja vya ndege na hospitali zikiwamo, na nyingi zikahitaji mtu wa kuziendea moja moja kwa mikono yake.

Lakini kisa ninachowasomea wanafunzi wangu mara nyingi ni kingine, cha GitLab, kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni kuwahifadhia waandishi wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja aliyechoka alifuta hifadhidata kwenye seva siyo. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kulinda data. Walipozigeukia, moja baada ya nyingine, hawakupata hata moja ya kutegemewa. Nakala ya kila siku ilikuwa ikishindwa kufanyika, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani na hifadhidata ilikuwa ya toleo jipya. Barua za kuonya kwamba nakala zinashindwa zilikuwa zikitumwa, nazo zilikuwa zikikataliwa mlangoni na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni picha ya hifadhidata ambayo mhandisi aliipiga saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa siku nyingi kampuni iliamini ina nakala, na imani hiyo haikuwahi kupimwa. Ninawasifu kwa jambo moja: waliyatangaza yote hadharani, njia kwa njia. Laiti taasisi zetu zingekuwa na ujasiri wa namna hiyo badala ya kubandika tangazo la "matengenezo ya kawaida".

Turudi Kinanie. Wokovu wao nao ulikuwa wa bahati. Mwaka 2021 mwalimu alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamili juu ya methali, na kwa ajili hiyo alikuwa ameitoa hifadhidata yote akaiweka kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Hakuiita chelezo, aliiita data ya utafiti. Humo ĩ na ũ zilikuwa salama. Alikiri kwamba kwa miaka miwili hakuwa ameigusa.

Kuirejesha haikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja, na hapa nitataja hatua kwa ajili ya wale watakaozihitaji. Kwanza waliinakili tovuti jinsi ilivyokuwa, pamoja na ugonjwa wake. Wengi huona huko ni kupoteza wakati, kumbe ndani ya tovuti mbovu mlikuwamo maingizo ya mwaka mmoja na nusu yasiyopatikana penginepo. Kisha waliizima programu-jalizi kwa kulibadilisha jina kabrasha lake kwenye seva, njia ifaayo hata pale ukurasa wa msimamizi unapokataa kufunguka. Wakalipakua toleo la zamani kutoka katika ghala la WordPress, ambako matoleo yaliyopita huhifadhiwa. Kulirudisha toleo la zamani peke yake kusingetosha, kwa kuwa jedwali lilikuwa limekwisha kubadilishwa umbo, na programu ya jana haisomi jedwali la leo. Hapana budi faili na hifadhidata ziwe za wakati mmoja. Kwa hiyo waliijenga tovuti ya 2021 nzimanzima kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, wakaisoma humo, na walipotosheka ndipo wakaipandisha kwenye seva. Anayerejesha moja kwa moja juu ya tovuti iliyo hai, bila ya kujaribu pembeni, anaweza kujikuta amepoteza mbili kwa siku moja.

Yakabaki maingizo ya baada ya 2021. Hayo yalikuwapo, lakini yamejaa alama za kuuliza. Wanafunzi walitafuta daftari zao, na baadhi ya daftari zilikwisha kuwashia moto jikoni. Sauti zilizorekodiwa kwenye simu zilikuwa zimefutwa zamani ili kupisha nyimbo. Kati ya wazee waliosimulia katika kipindi hicho, wawili walikuwa wamefariki.

Sisi tuliosoma fasihi tunaijua kazi ya namna hii hata kabla ya umeme. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya mashairi yake kutoka kwa wazee waliokuwa wangali wakiyakumbuka, na kitabu kikatoka mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens kwa jina la Diwani ya Muyaka. Nionavyo mimi, kalamu ya Taylor ilikuwa muhimu, lakini aliyekuwa muhimu zaidi ni Sikujua, mtu wa kuweza kulisikia shairi na kujua limerudi zima au limerudi limevunjika. Shule nyingi zinazo kalamu. Zina hata mashine ya kunakili kila usiku. Hazijamteua Sikujua wao.

Wizara na bodi za shule hupenda kuuliza gharama. Gharama yenyewe si kubwa. Inatakiwa nakala moja ya kila mwezi isiyofutwa na zamu ya usiku, iwekwe nje ya seva, hata kama ni kwenye diski ndani ya kabati la mwalimu mkuu. Yanatakiwa masaa mawili kila muhula ya kuiinua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Wanatakiwa wasomaji. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imekwisha kuligusa jambo hili kuhusu taarifa za watu: miongoni mwa yale ambayo mwenye kuzihifadhi anatakiwa kuyazingatia ni uwezo wa kuzirejesha kwa wakati ufaao baada ya ajali. Majina na alama za wanafunzi ni taarifa za watu. Mkaguzi akija na kuuliza "mmewahi kurejesha lini?", shule nyingi hazitakuwa na tarehe ya kumpa.

Pale Kinanie sasa wanayo. Masasisho yanaendelea kujiendea, isipokuwa kwa ile programu-jalizi moja, ambayo husasishwa kwa mkono baada ya kujaribiwa pembeni. Kila mwisho wa muhula wanafunzi wa kompyuta huiinua nakala, na wenzao wanaojua Kikamba hupewa maingizo ishirini wayasome kwa sauti, kiwimbi kwa kiwimbi. Methali ambazo hazijapata tiba zimepigwa chapa katika orodha, na wanafunzi huenda nayo nyumbani kila likizo wakawaulize wazee. Orodha ya Aprili ilikuwa na kurasa nne. Ya Agosti ilikuwa na tatu na nusu.